Fort Raleigh na Kisiwa cha Roanoke: Kiingilio Bure, Ila Beba Ramani ya Bahari

Kitu cha kwanza utakachooneshwa Fort Raleigh, hifadhi ya historia kwenye Kisiwa cha Roanoke, pwani ya North Carolina, Marekani, ni tuta la udongo. Ni mraba wenye ncha zilizochomoza, kila upande kama mita 15, una handaki kavu na nyasi zilizokatwa vizuri. Mgeni wa kawaida hulizunguka kwa dakika tano, husoma kibao, hupiga picha, kisha huanza kutafuta njia ya kurudi kwenye gari. Malalamiko mengi kuhusu mahali hapa huanzia hapo: saa tatu za barabarani kwa ajili ya tuta ambalo hata si la kale. Malalamiko yana haki yake. Tuta lilijengwa upya mwaka 1950 kwa kufuata mahandaki aliyoyafukua mwanaakiolojia J. C. Harrington, na wachimbaji waliokuja baadaye wametilia shaka kama kweli hii ndiyo ngome waliyoijenga Waingereza mwaka 1585.

Anayeishia kwenye tuta, hata hivyo, ameondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Majengo ya walowezi hayapo tena. Kilichobaki ni maji, mchanga na upepo, na hivyo vitatu vina sehemu kubwa katika kifo cha koloni hii. Ukiwa na ramani ya bahari mkononi, kisiwa kinajieleza chenyewe. Usipokuwa nayo utauziwa "fumbo la koloni iliyopotea", ambalo huku linauzwa kuanzia kwenye fulana hadi kwenye majina ya mitaa. Ramani za maji ya Marekani zinatolewa bure mtandaoni na NOAA, shirika la serikali ya huko la bahari na hali ya hewa. Chukua inayoonesha Roanoke, milango ya bahari iliyo mashariki yake na sehemu ya kaskazini ya Pamlico, ichapishe kwa karatasi kubwa, uje nayo.

Kwa asiyeikumbuka habari yenyewe: Machi 1584 Malkia Elizabeth alimpa Walter Raleigh hati ya kuanzisha makazi Amerika, na miaka saba ya kufanya hivyo. Mwaka huohuo manahodha Amadas na Barlowe walikuja kupeleleza, wakarudi London na Wenyeji wawili, Manteo wa Croatoan na Wanchese wa Roanoke. Mwaka 1585 Richard Grenville alileta merikebu saba na watu kama 600, akaacha wanaume 107 chini ya Ralph Lane. Hao walikaa chini ya mwaka mmoja, wakaondoka Juni 1586 na meli za Francis Drake. Grenville alifika na shehena baada ya wao kuondoka, akaacha watu 15 walinde mahali. Hawakuonekana tena wakiwa hai. Mwaka 1587 John White alileta familia: wanaume 91, wanawake 17 na watoto 9 kwa hesabu inayotumiwa sana. Akarudi Uingereza kutafuta chakula, na alipofika tena Agosti 1590 hakukuta mtu.

Kituo cha wageni hufunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na hulipi kitu. Maonyesho yake ni ya kiasi, ila ukweli umepewa nafasi yake: yanaanza na Wenyeji wa lugha za Kialgonkini kabla ya kumtaja Mwingereza yeyote, yanaeleza makoloni yote mawili bila kuyachanganya, na hayakwepi kusema kwamba watu wa Lane ndio waliomwua Wingina, mtawala wa Roanoke, tarehe 1 Juni 1586. Hilo la Wingina ulishike, kwa sababu walowezi wa 1587 walirithi deni lake. Siku sita tu baada ya kutua, George Howe alikuwa peke yake majini akivua kaa, akapigwa mishale 16. Familia zilikuwa zimeletwa kwenye ujirani uliokwisha kuharibika.

Sehemu bora ya Fort Raleigh iko jirani kabisa na tuta, na watu wengi huipita bila kujua. Miaka ya mwanzo ya 1990, timu ya Ivor Noël Hume ilichimba hapo na kukuta mabaki ya karakana ya kupimia madini: vipande vya vyungu vya kuyeyushia, vipande vya vyombo vya kukenekea, makaa, vipande vya shaba na antimoni. Ukiona kipande cha chungu cha namna hiyo nyuma ya kioo, usikipite haraka. Antimoni haikuja Roanoke kwa bahati mbaya. Mpimaji wa karne ya 16 aliitumia kutenga fedha na shaba: unayeyusha sampuli pamoja nayo, unaondoa uchafu unaopanda juu, kisha unapima kilichobaki chini. Aliyefanya kazi hiyo ni Joachim Gans, Myahudi wa Prague aliyekuwa amekwisha kufanya kazi kwenye shaba ya Uingereza. Pamoja naye alikuwepo Thomas Harriot, mwanahisabati aliyekuwa amejifunza lugha ya Wenyeji kwa Manteo na Wanchese.

Sasa weka karakana ile kando ya orodha ya watu wa Lane. Una mpimaji wa madini, mwanahisabati, mchoraji na askari tele. Wavuvi na wakulima utawatafuta. Harriot mwenyewe aliandika kwamba wapo walioichukia nchi kwa sababu hawakukuta miji ya Kiingereza, vyakula walivyozoea wala vitanda laini vya manyoya. Kwa miezi kumi watu 107 walitegemea mahindi na mitego ya samaki ya majirani, na majirani wenyewe walikuwa na akiba ya kuwavusha wao hadi mavuno, si ya kulisha kambi ya wageni. Lane alipopanda mto kutafuta madini, chakula kiliisha njiani. Watu wake wakachinja mbwa wao wawili wakubwa na kuwapika na majani ya sasafrasi.

Ongeza ukame. Mwaka 1998 watafiti waliosoma miduara ya ukuaji kwenye misaiprasi ya kinamasi ya kusini mwa Virginia, miti inayoishi mamia ya miaka, walionesha kuwa kipindi cha 1587 hadi 1589 kilikuwa na ukame mkali kuliko kipindi kingine chochote cha miaka mitatu ndani ya miaka 800. Habari hiyo ingestahili ukuta mzima. Walowezi wa 1587 walitua tarehe 22 Julai, msimu wa kupanda umekwisha kupita, kwenye nchi iliyokuwa inakauka, huku shehena yao ikiwa pungufu. Ukiyajua hayo matatu, swali la "walipotelea wapi" linapoa, na unaanza kushangaa jinsi mtu yeyote alivyotarajia wakae palepale.

Kutoka kituoni kuna njia mbili za miguu. Ile ya Thomas Hariot ni fupi, ya kivuli, inazunguka kwenye msitu kando ya maji ikiwa na vibao vya mimea. Inafaa watoto. Freedom Trail ni kama kilomita 4 kwenda na kurudi, inaishia magharibi kwenye hori la Croatan, maji mapana yanayotenga kisiwa na bara. Ng'ambo yake ndiko kulikuwa na Dasamonquepeuc, kijiji alikouawa Wingina. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika. Kiangazi kina mbu na kupe, na kupe hao hawatanii.

Njia hiyo ina jina lake kwa sababu ya koloni nyingine, ambayo msomaji wa Afrika huenda ikamgusa kuliko ya Raleigh. Februari 1862, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini liliteka Roanoke, na watu waliokuwa watumwa wakaanza kukimbilia huku. Mwaka 1863 serikali ilianzisha rasmi makazi yaliyoitwa Freedmen's Colony chini ya mchungaji Horace James: viwanja vya familia, shule, kinu cha kupasulia mbao. Kufikia 1865 kulikuwa na zaidi ya watu 3,000. Vita vilipoisha, ardhi ikarudishwa kwa wenyewe wa zamani na makazi yakafungwa 1867. Kuna mnara wa kumbukumbu karibu na kituo. Umewekwa vizuri, lakini maelezo ni machache mno kwa jambo la uzito huu. Ukitaka kuendelea na uzi huo, nenda Manteo mjini ukaone jumba dogo la makumbusho la Pea Island Cookhouse. Linamhusu Richard Etheridge, aliyezaliwa mtumwa kwenye kisiwa hiki, na ambaye mwaka 1880 alikuwa Mweusi wa kwanza kuongoza kituo cha waokoaji wa baharini. Oktoba 1896 kikosi chake, chenye Weusi peke yao, kiliwatoa watu wote tisa kwenye jahazi E. S. Newman katikati ya dhoruba. Medali ya dhahabu ilikuja 1996, miaka mia baadaye.

Tahadhari moja ya pesa. Ukiingia kwenye barabara ya hifadhi utakuta vitu vitatu jirani: hifadhi yenyewe, ukumbi wa Waterside Theatre, na bustani za Elizabethan Gardens. Kila kimoja kina msimamizi wake. Hifadhi ni bure, bustani zina tiketi yake, na tamthilia ina yake. Wageni wengi hulipa bustani wakidhani wamelipia "koloni", kisha wanashangaa kutokuta historia. Bustani ni nzuri kwa anayependa maua. Zilianzishwa na chama cha watunza bustani wa North Carolina, na ndani yake imo sanamu ya marumaru ya Virginia Dare, mtoto wa kwanza wa Kiingereza kuzaliwa Amerika, tarehe 18 Agosti 1587. Sanamu ilichongwa Roma mwaka 1859, ikazama na meli pwani ya Hispania, ikakaa chini ya maji miaka miwili. Inamwonesha mtoto huyo akiwa mwanamke mzima aliyejifunga wavu wa kuvulia, maisha ambayo hakuna ushahidi kwamba aliyaishi. Kama muda ni mchache, hapa ndipo pa kuruka.

Tamthilia ya The Lost Colony ni habari nyingine. Imeandikwa na Paul Green na ilianza Julai 1937. Rais Roosevelt aliitazama Agosti mwaka huohuo. Huchezwa kuanzia mwisho wa Mei hadi mwisho wa Agosti, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 na nusu usiku, kwenye ukumbi wa wazi ambao jukwaa lake limegusana na maji. Kama onyesho ni kazi kubwa: taa, fataki, waimbaji, mavazi. Tangu 2021 majukumu ya Wenyeji huchezwa na waigizaji wa asili hiyo, jambo ambalo kwa miaka mingi lilifanywa kwa kupaka watu rangi. Kama historia, ichukulie jinsi unavyochukulia utenzi. Inakupa mashujaa wanaoondoka kwa mwendo wa heshima kuelekea porini. Chumvi, kiu na mahindi yaliyokauka hutaviona. Itazame baada ya kutembelea hifadhi, kamwe si kabla, la sivyo utatumia siku nzima kuwatafuta wahusika wa jukwaani kwenye udongo. Jipake dawa ya mbu kabla ya kukaa, na beba sweta hata Julai, maana upepo wa horini hubadilika ghafla usiku.

Ng'ambo ya kijito, mbele ya mji wa Manteo, iko Roanoke Island Festival Park. Hii unalipia, na tiketi inatumika siku mbili mfululizo. Itumie hivyo kweli: nusu siku ya kwanza merikebu, asubuhi ya pili kijiji na kambi ya walowezi, maana jua la mchana kiangazi linachosha. Majira ya baridi ratiba hubanwa, kwa hiyo hakikisha kwanza kabla ya kufunga safari.

Merikebu inaitwa Elizabeth II. Jina halina uhusiano na malkia wa karne iliyopita: ya kwanza ilikuwa Elizabeth, mojawapo ya zile saba za 1585, na hii ni ya pili. Ilijengwa hapahapa Manteo kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 400, ina milingoti mitatu na urefu wa kama mita 21. Panda, shuka sitaha ya chini, inama, maana hutaweza kusimama wima kila mahali. Kisha hesabu kichwani: mapipa ya maji, nyama ya chumvi, biskuti ngumu, mbaazi, bia, kamba za akiba, matanga ya akiba, mizinga na risasi zake, halafu watu. Nafasi ya mbegu, majembe na mifugo inabaki kiduchu. Mabaharia waliovaa mavazi ya wakati ule wanajua kazi yao. Ukiwauliza "mlivaa nini" watakupa jibu la watalii. Waulize maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya merikebu, yalitolewaje, nanga ngapi zilibebwa na kamba yake ilikuwa nene kiasi gani, na utapata somo zima.

Swali la nanga lina maana yake. Agosti 1590 White alipotaka kuondoka Roanoke kwenda Croatoan, kamba ilikatika, nanga zikapotea, na merikebu Hopewell ikabaki na nanga moja. Hakuna nahodha mwenye akili anayekwenda kutafuta watu kwenye pwani ya mchanga, upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, akiwa na nanga moja tu. Wakaamua kwenda kupitisha baridi visiwa vya Karibi ili warudi mwaka unaofuata, upepo ukawatupa Azores. White alifika Plymouth Oktoba na hakurudi tena. Wasomaji wengi hupewa neno "dhoruba" na kusonga mbele. Sitahani hapa, ukiwa umeweka mkono juu ya kamba yenyewe, unaelewa dhoruba ile ilimnyima kitu gani.

Upande wa kijiji cha Wenyeji umejengwa kwa kufuata michoro ya rangi ya John White, ambayo sasa iko British Museum. Kuna nyumba ndefu za fito zilizopindwa na kuezekwa mikeka na magome, mtego wa samaki wa fito, na mtumbwi. Aliyekulia mwambao atasimama kwenye mtumbwi. Wachongaji wa huku hawakuwa na tezo wala shoka la chuma: waliwasha moto mdogo juu ya gogo, wakauacha ule mbao, wakauzima, wakakwangua mkaa kwa gamba la chaza, wakawasha tena, na hivyo hivyo hadi tumbo la mtumbwi lipatikane. Moto ukiachwa kidogo tu zaidi, ubavu unatoboka na kazi yote imepotea. Kambi ya walowezi iliyo jirani, yenye mhunzi na mvukuto wake, inapendeza watoto zaidi ya watu wazima.

Hifadhi yote hiyo haitakuonesha tatizo kuu, maana liko nje ya kisiwa. Endesha kusini kwa barabara ya NC 12 hadi mlango wa bahari wa Oregon Inlet, vuka daraja jipya la 2019, kisha simama upande wa kusini, ambako kipande cha daraja la zamani kimeachwa kwa waenda kwa miguu. Fungua ramani. Mashariki ni bahari kuu. Chini yako ni mwanya. Magharibi ni hori la Pamlico, pana kiasi kwamba huoni bara, lakini maji yake ni ya kina kifupi mno. Kaskazini kidogo, ubavu wa mashariki wa Roanoke, sehemu kubwa ya hori nje ya mkondo haifiki kimo cha mtu. Aliyezoea Lamu au Kilwa, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu au zaidi, atatafuta maji kupwa na maji kujaa asiyaone. Mle ndani mwezi hauna nguvu. Maji husogezwa na upepo: ukivuma siku mbili upande mmoja, ufuko unakauka huku, kule unafurika. Huwezi kungoja maji yajae ili uvuke fungu la mchanga, kama nahodha wa jahazi anavyofanya kwetu.

Mwanya huu wa leo si ule wa Raleigh. Oregon Inlet ulifunguliwa na kimbunga cha 1846, na ule waliouita Port Ferdinando, uliokuwa karibu na hapa, umekwisha kuzibwa na mchanga. Tabia ni ileile. Mitambo huchimba mchanga hapa mara kwa mara ili boti za uvuvi zipite, na bado mawimbi meupe unayaona yakivunjika kwenye fungu la nje. Mwaka 1585 merikebu kubwa ya Grenville, Tiger, ilikwama kwenye mlango wa Wococon, kusini zaidi, ikagongwa na mawimbi, maji ya chumvi yakaingia na sehemu kubwa ya chakula cha koloni ikaharibika. Koloni ilianza na njaa kabla haijashusha mzigo. Mwaka 1590 mashua ya nahodha Spicer ilipinduka kwenye fungu la aina hii hii. Kati ya watu 11, saba walikufa maji, Spicer akiwa mmoja wao. Merikebu kubwa zililazimika kutia nanga nje, kwenye bahari wazi, na kila pipa la unga lilipaswa kuhamishiwa kwenye mashua ndogo, livushwe mwanya, kisha lipigiwe makasia hadi kisiwani. Raleigh alichagua mahali pa kujificha Wahispania wasimwone, na kwa hilo alichagua vyema. Mahali ambapo mvamizi hafiki, hata mleta chakula hafiki.

White na wenzake walilijua hilo. Mpango wa 1587 ulikuwa kwenda Chesapeake, kwenye maji ya kina, na Roanoke ilikuwa pa kupita tu kuwaangalia wale 15. Rubani Simon Fernandes akasema kiangazi kimekwisha, akawashusha hapohapo.

Hadi hapa CROATOAN inasomeka bila kizunguzungu. White alipopanda kisiwani tarehe 18 Agosti 1590, siku mjukuu wake Virginia angetimiza miaka mitatu, alikuta herufi CRO kwenye mti na neno zima CROATOAN limechongwa kwenye nguzo ya ukuta wa magogo. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakihama waandike waendako, na kama wako hatarini waweke msalaba juu yake. Msalaba haukuwepo. Nyumba zilikuwa zimebomolewa kwa utaratibu. Vilivyobaki ni vizito: vyuma, vipande vya risasi, mizinga midogo, vimefunikwa na majani. Masanduku yake aliyoyazika yalikuwa yamefukuliwa, vitabu vimechanwa majalada, ramani zimeoza kwa mvua, deraya imeliwa na kutu. Hivyo ndivyo inavyoachwa nyumba ya mtu aliyehama akachukua anachoweza kubeba.

Croatoan ndiyo Hatteras ya leo, na NC 12 inakufikisha. Kutoka Manteo hadi Buxton tenga saa moja na robo kiangazi kisipokuwa na foleni. Usitegemee jengo wala tuta. Uchimbaji umefanyika huko kwa miaka mingi, na jina moja litawashtua wasomaji wa mwambao: Mark Horton, yule yule aliyechimba Shanga kwenye funguvisiwa la Lamu, na Pemba pia, amekuwa akifanya kazi Hatteras na wenyeji wa huko. Vitu vya Kiingereza vimetoka ardhini pamoja na vya Wenyeji, ukiwemo mpini wa upanga mwembamba. Kuwa mwangalifu na pete. Pete ya muhuri iliyopatikana mwaka 1998 ilitangazwa kwa miaka kuwa ya dhahabu na ya familia ya koloni. Kipimo cha baadaye kilionesha ni shaba ya njano tu, isiyo na dhahabu. Ukikuta kipeperushi kinachoendelea kuiita ya dhahabu, kiweke chini. Wapo pia wanaofuata alama ya ngome iliyofichwa chini ya kiraka cha karatasi kwenye ramani ya White, iliyogunduliwa 2012, inayoelekeza magharibi kwenye kaunti ya Bertie. Inawezekana kundi liligawanyika. White mwenyewe aliandika kwamba kulikuwa na mpango wa kuhamia maili 50 ndani ya bara.

Sasa safari yenyewe. Usafiri wa umma wa kukufikisha haupo, gari ni lazima. Kutoka jiji la Raleigh ni kama kilomita 305 kwa barabara kuu ya US 64, saa tatu na kitu. Kwa wanaotoka Greensboro, ambako Waswahili wa Kongo ni wengi sasa, ongeza saa moja na robo. Njia hiyo ya magharibi ina faida moja: unavuka pori la Alligator River lenye dubu, kisha hori la Croatan kwa daraja la zaidi ya kilomita 8, na kutoka juu unaona kisiwa kama wageni wa bara walivyokiona. Jaza mafuta kabla ya pori. Wanaotoka Norfolk hupita US 158, na hapo kosa la kawaida ni kusafiri Jumamosi ya kiangazi. Siku hiyo nyumba za kupanga za ufukweni hubadilisha wapangaji, na foleni ya daraja la Wright inameza saa mbili. Nenda katikati ya wiki. Mei au mwisho wa Septemba ndio wakati bora kwa joto na mbu, ila Septemba fuatilia taarifa za vimbunga, na ujue tamthilia imekwisha kufungwa.

Alama: hifadhi nyota 4, kwa sababu ni bure na ina ukweli, ila imeificha karakana kwenye kona. Festival Park nyota 4, kwa ajili ya merikebu peke yake. Tamthilia 3 kama historia, 5 kama burudani. Bustani 2 kwa aliyekuja kwa koloni. Mwenye siku moja tu aanze Fort Raleigh saa 3 asubuhi mlango ukifunguliwa, afike merikebuni kabla ya saa 6, ale Manteo, halafu awe Oregon Inlet kuanzia saa 9 alasiri. Kukiwa na upepo wa kaskazini mashariki fungu la nje litakuwa jeupe lote kwa povu. Jaribu kutafuta kwa macho njia ambayo ungeipitishia mashua yenye unga.